Ugomvi wa kunong'ona

Mwongozaji kijana wa filamu, wa Goma, mashariki mwa Kongo, ameniandikia hivi:

“Mwalimu, nakusalimu. Mimi na wenzangu wanne tunaandaa filamu fupi ya dakika 12 juu ya mke na mume wa mtaa wa Majengo. Mama Furaha anauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, soko la Virunga, Papa Furaha ni mwendesha pikipiki. Zamu ya mama ya likelemba, ule upatu wa kuchangiana pesa, imefika, amepewa dola 300, akazificha ndani ya kopo la maziwa. Papa amezichukua akampa mdogo wake bila kusema. Moyo wa filamu ni ugomvi wa usiku huo, kurasa 5 za maneno. Tulirekodi mazoezi kwa simu tukawaonyesha watu. Walicheka. Mmoja akasema: naona watu wawili wanapigiana kelele, ndoa siioni. Tuna kamera moja, lensi moja ya milimita 50 na taa mbili za betri. Tufanye nini ili ugomvi huu uwaume watazamaji? Na mwisho, wapatane au waachane?”

Mdogo wangu, huyo aliyesema haioni ndoa amekupa nusu ya jibu. Ningekuwa wewe ningemtafuta nimshukuru. Nimesoma skripti yako mara mbili. Inaanza mama akifungua kopo na kulikuta tupu, na kuanzia hapo ni maneno makali mpaka ukurasa wa mwisho. Mtazamaji hajawaona hawa wawili wakiwa kitu kimoja hata kwa nusu dakika, basi wanapotengana hajui kinachopotea. Anakuwa kama mpita njia aliyesikia kelele nyuma ya ua. Anasimama, anasikiliza kidogo, anacheka, anakwenda zake.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kamera, jiulize: hawa wawili, kila jioni, wanafanya kazi gani inayohitaji mikono minne? Sisemi kukumbatiana. Nasema kazi. Na usiende mbali, imo ndani ya hadithi yako. Papa Furaha ana pikipiki, na pikipiki hiyo ndiyo ugali wa nyumba, hailali nje. Kizingiti kiko juu, chini ni mawe ya volkano. Mmoja anashika usukani, mwingine analaza ubao juu ya kizingiti kisha anasukuma kwa nyuma. Mama anainua rido, yaani pazia, kwa bega ili usukani upite. Hakuna anayesema kitu, maana wamefanya hivyo usiku mwingi sana na kila mmoja anajua mguu wa mwenzake utakanyaga wapi. Irekodi hiyo mwanzoni kabisa, sekunde 20, shoti moja isiyokatwa, kamera ikiwa ndani ya nyumba na kuutazama mlango.

Halafu uje usiku wa kopo. Kamera isimame palepale iliposimama jana. Mbele yake sasa iko mikono ya mama, amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Tunasikia pikipiki inafika, injini inazimwa. Mama hainuki. Papa anasukuma peke yake, gurudumu linagonga kizingiti, linarudi nyuma, linagonga tena. Vijiwe vinaangukia sinia kimoja kimoja. Gurudumu linagonga mara ya tatu. Hajasema mtu neno, na chumba kizima cha watazamaji kimeshajua kwamba hapa pana jambo.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote mengine nitakayokuambia: tafuta kazi ya watu wawili, kisha tuonyeshe ikifanywa na mmoja. Wakubwa wa kazi hii wanalijua. Noah Baumbach, katika filamu yake Marriage Story ya 2019, ana mume na mke walio katikati ya talaka, wanasheria wameshaingia. Usiku mmoja umeme unakatika nyumbani kwa mke, na geti kubwa la kuteleza haliwezi kujifunga. Anamwomba mume aje asaidie. Wanalivuta pamoja, mmoja ndani, mwingine nje, mpaka geti linafunga katikati ya nyuso zao. Ni kazi ya kawaida kabisa, ya mikono minne, na ndiyo inayowatenga. Sisi ambao umeme unakatika kila siku tungepaswa kuwa tumeirekodi picha hiyo zamani.

Orson Welles alifanya jambo la ukoo huohuo kwa meza ya chai katika Citizen Kane, filamu ya 1941. Ndoa ya kwanza ya Kane, karibu miaka tisa, inapita mbele yetu kwa dakika mbili hivi: asubuhi baada ya asubuhi, watu walewale, kifungua kinywa kilekile. Mwanzoni wako karibu, wanatazamana kama watu waliooana jana. Kila kamera inapogeuka kwa kasi, nguo zimebadilika na sauti imepoa. Mwishoni mume anasoma gazeti lake, mke anasoma gazeti la washindani wa mumewe, kimya, na kamera inaporudi nyuma tunaona urefu wa meza iliyo kati yao. Muziki wa Bernard Herrmann unaanza kama dansi tamu, halafu dansi hiyohiyo inageuzwa kidogo kidogo mpaka inakuwa baridi. Angalia kwamba meza haikutoka na muziki haukutupwa. Kilichobadilika ni umbali. Mtazamaji hupima umbali pale tu alipoonyeshwa ukaribu kwanza.

Sasa kelele zenyewe. Nyumba nyingi za Majengo ni za mbao, mabati juu. Jirani akikohoa unampa pole bila kutoka kitandani. Mke na mume wanaojiheshimu, saa tatu usiku, hawapigi kelele za pesa katika nyumba ya namna hiyo, kwa sababu kesho mama atapita mbele ya haohao majirani na beseni lake la sambaza. Wananong'ona. Ugomvi mkubwa wa nyumba zetu ni wa kunong'ona: maneno yanatoka kati ya meno, mishipa ya shingo imesimama, sauti iko chini. Wewe umewaandikia waigizaji wako ugomvi wa watu wenye nyumba ya matofali na ukuta wa mita tatu. Ndiyo sababu watu wa Goma waliotazama walicheka. Waliona uongo wakaujua, ingawa hawakuweza kuutaja kwa jina.

Waambie waigizaji warudie kurasa hizo kwa kunong'ona, kila kitu, hata tusi. Utaona mwili unaanza kusema kile ambacho sauti imekatazwa. Kisha fanya hivi: katikati ya ugomvi, bisha hodi. Jirani anaomba kaa la moto awashe mbabula yake, jiko la makaa. Mama Furaha anafungua mlango, anatabasamu, “Karibu, jirani.” Papa Furaha kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ya upole, anauliza watoto wamelalaje. Kaa linachukuliwa kwa koleo, asante, usiku mwema, mlango unafungwa. Wanangoja hatua za miguu ziishe juu ya mawe. Wote wawili wamesimama vilevile, wameshika pumzi, wanasikiliza upande mmoja.

Hapo, mdogo wangu, ndipo tunapoiona ndoa. Bila kuambiana, wamesimama pamoja kuificha aibu ya nyumba yao, kila mmoja akijua sehemu yake. Halafu hatua zinapotea, mama anageuka, na neno la kwanza analonong'ona linaumiza kuliko kurasa zako 5 zote, kwa sababu sasa tumejua analimwambia nani. Kama ungetaka kubakisha tukio moja tu katika filamu nzima, ningebakisha hili la kaa la moto.

Sauti kubwa iwe mara moja tu. Chagua neno moja la mama, limponyoke kwa nguvu, kisha wote wawili wanyamaze na kuutazama ukuta wa mbao. Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu, na kwenye filamu mshindo huo unausikia kama umeme kwenye waya. Usiuharakishe. Mwache mtazamaji asikie mbwa wa mbali, mtoto anayejigeuza kitandani.

Sisemi sauti kubwa ni dhambi. Waigizaji wako umesema wanatoka kwenye tamthilia za kanisa, na jukwaani usiposikika na mtu wa benchi la mwisho umemnyima haki yake. Huko Lubumbashi kundi la Mufwankolo limewalea watu kwa michezo ya Kiswahili cha Katanga, jukwaani, redioni na kwenye televisheni, na nguvu ya sauti na ya mwili ndiyo ufundi wake. Wala kicheko si adui: Mweze Ngangura, mzaliwa wa hapa kwetu Bukavu, na Mbelgiji Benoît Lamy walitoa La Vie est belle mwaka 1987, Papa Wemba akiwa nyota wake, na mambo ya ndoa mle ndani yanachekesha kwa makusudi. Ila wao walikitaka kicheko hicho. Wewe hukukitaka. Waambie waigizaji wako kwamba maiki imewekwa pale ambapo mume huweka sikio lake. Hilo wataelewa haraka kuliko hotuba yoyote juu ya uigizaji.

Chumba kimoja na lensi moja: hapa unalalamika, lakini nakuona una bahati. Ukisimama mita 3 na lensi ya 50, kamera yenye sensa kubwa (kile kibamba cha ndani kinachopokea picha) inaona upana wa mita 2 na kidogo tu. Kamera zenye sensa ndogo, kama nyingi tunazotumia sisi, zinaona mita 1 na nusu au pungufu. Maana yake ndani ya chumba cha Majengo huwezi kuwaweka wote wawili kwenye fremu moja na nafasi kati yao. Utalazimika kutoka nje, urekodi kupitia mlango ulio wazi au mwanya wa dirisha. Basi amua kwamba hiyo ndiyo lugha ya filamu yako. Wakati wa ugomvi, tunapowaona pamoja, tunawaona kutoka nje, tukiwa kwenye macho ya mtaa, fremu ya mlango imewabana. Tunapoingia ndani tunamwona mmoja mmoja, kila mtu na upweke wake. Mlango unafanya kazi ya bure ambayo wengine wanaijengea seti.

Tumia rido pia. Wewe umeliandika kama pambo, lakini ndilo ukuta wa pekee unaosogea katika nyumba hiyo. Mume akikaa upande wa sebule na mke akiwa upande wa kitanda, na taa moja ya betri nyuma ya mke, utapata kivuli chake juu ya kitambaa: mume anazungumza na kivuli. Jean-Luc Godard, katika Le Mépris ya 1963, aliwafungia mke na mume katika nyumba ya Rumi ambayo haijamalizwa kujengwa, karibu nusu saa nzima ya kuvutana, na kufikia mwisho wake amewakalisha pande mbili za taa ya mezani. Mume anaiwasha, anaizima, anaiwasha. Kamera inateleza polepole kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na kila ikisafiri inapita juu ya lile pengo. Angeweza kukata, akakataa kukata, ili tuhesabu umbali kwa muda unaotumika kuuvuka. Kuna mlango katika nyumba hiyo ambao kioo chake hakijawekwa. Mume anaufungua na kuufunga, halafu anapita katikati ya fremu yake kana kwamba haupo. Ndoa yake ndivyo ilivyokuwa, imesimama bila cha kuzuia upepo.

Kitu kimoja cha ufundi usikisahau. Chora mstari wa kufikirika kati ya mke na mume, na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo, ili mama daima atazame kulia na baba kushoto. Ukiruka mstari, mtazamaji atahisi wamegeuziana migongo au wamebadilishana viti. Wanafunzi hulishika hili kama amri ya kanisa. Mimi nasema liheshimu mpaka pale mume anapokiri kwamba pesa zimekwenda. Hapo ruka, mara moja. Mama atakuwa ghafla upande ambao hajawahi kuwa. Watu wachache watajua ulichofanya, lakini wote watahisi sakafu imesogea.

Kuhusu kurasa 5: zikate zibaki 2. Najua utaumia. Anza kwa kufuta kila sentensi ambamo mtu anaeleza anavyohisi. “Umenivunja moyo” ifutwe. Mahali pake mpe kitu cha kushika, na kitu unacho tayari, ni kopo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya nyumba hii inajulikana na kopo la maziwa. Litazame kwa karibu kama mama anavyolitazama: kifuniko kilichopinda kwa sababu hufunguliwa kwa mpini wa kijiko, karatasi ya nje imechubuka, ndani unga kidogo wa maziwa umeganda kwenye kona, na juu ya unga huo alama ya vidole vinene kuliko vya mwenye kopo. Huhitaji maneno “umeniibia”. Mama analiweka mezani mbele ya mume, analifunga kifuniko taratibu, analisukuma upande wake. Anamtilia chai. Sukari anaweka kijiko kimoja badala ya vitatu.

Maneno utakayoyabakisha, yaangalie majina. Kiswahili kimekupa silaha ambayo waongozaji wa Ulaya hawana. Mama Furaha amemwita mume wake “Papa Furaha” tangu mtoto azaliwe. Kila akimwita hivyo anataja walichokizaa. Usiku huu amwite kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo hatujalisikia hata mara moja. Atageuka kama aliyepigwa. Hatua inayofuata ni mbaya zaidi: wanaacha kuitana kabisa, wanasemea kwa mtoto. “Furaha, mwambie baba yako maji yako bafuni.” “Furaha, mwambie mama yako nimeshaoga.” Baba na mama wako mita 2 kutoka kila mmoja, na msichana wa miaka saba anabeba sentensi kama anavyobeba dumu la maji. Mweke Furaha katikati ya fremu, kamera kwenye urefu wa macho yake, wazazi waonekane kuanzia kiunoni kwenda chini, bila vichwa. Fahali wawili wanapogombana tunajua nyasi zinavyoumia. Hapo utazionyesha nyasi zenyewe.

Asghar Farhadi wa Iran anaanza A Separation, filamu yake ya 2011 iliyopata Oscar mwaka 2012, kwa shoti moja ndefu: mke na mume wamekaa bega kwa bega mbele ya hakimu, wanatutazama sisi, kwa sababu hakimu hatumwoni, kamera imekaa kwenye kiti chake. Tunaombwa kuamua kabla hatujawajua. Mwishoni binti yao ndiye anayetakiwa kuchagua, naye yuko ndani kwa hakimu. Baba na mama wanangoja kwenye korido, kioo kati yao. Yule mtoto ndiye kipimo cha filamu nzima. Jiulize kama Furaha wako ni kipimo au ni pambo la kulia.

Uhariri, au montaji kama tunavyosema huku, ndipo ugomvi unaposhinda au kufa, na kosa la vijana wengi ni lilelile: kila anayesema, kamera iko usoni mwake. Inakuwa mchezo wa tenisi. Katika ugomvi, anayesema tunamsikia. Tunachohitaji kumwona ni anayeambiwa. Mume anaposema “nimempa mdogo wangu,” sisi tuwe juu ya uso wa mama tangu kabla hajalisema, tulione neno linamwingia, na tubaki hapo sekunde mbili baada ya neno kuisha. Uso wa mume tutauona baadaye, atakapokuwa ananyamaza. Vilevile acha sauti itangulie picha: tusikie pumzi ya mume inavutwa tukiwa bado tunaangalia mikono ya mama, kisha ndiyo ukate kwenda kwake. Ukikata picha na sauti mahali pamoja kila mara, ugomvi unakuwa matofali yaliyopangwa. Watu wakigombana wanaingiliana.

Na usiogope uso. Ingmar Bergman alitengeneza Scenes from a Marriage mwaka 1973 kwa ajili ya televisheni ya Sweden, vipindi sita, watu wawili wakizungumza vyumbani. Skrini za wakati ule zilikuwa ndogo, naye aliisogeza kamera mpaka uso ukaijaza. Filamu yako nayo watu wengi wataitazama kwenye simu, ndani ya basi, wakiwa na kisikilizi kimoja sikioni. Shoti pana za mlangoni utumie chache na kila moja iwe na sababu; uso ndio watakaoukumbuka.

Muziki usiweke juu ya ugomvi. Nimewahi kuhariri filamu ya vijana ambao waliweka kinanda cha huzuni chini ya kila neno, na mama mzee mmoja aliyetazama akauliza nani amekufa. Alikuwa na haki: muziki ulimwambia alie kabla hajapewa cha kulilia. Sauti zako ziwe maharage, mbabula inayochemsha, pikipiki inayopoa ikitoa mlio mdogo wa chuma. Kunong'ona kunahitaji maiki karibu sana na kinywa, iliyofichwa ndani ya kitenge au chini ya kola, na blanketi ukutani nje ya fremu. Mwombeni jirani azime jenereta kwa saa hizo mbili, mpeni kitu. Mvua ikianza kupiga mabati, acheni kazi mle chai. Hakuna programu itakayolitoa neno la kunong'ona chini ya mvua ya mabati. Kamera ya mkononi inayotikisika sikuzuii, ila iwe baada ya hodi ya jirani, si kabla. Rangi na mambo mengine ya kusafisha picha yatakuja mwishoni, wala hayataokoa wala kuua.

Mdogo wake mume, aliyepokea dola 300, nakushauri tusimwone kabisa. Umemwandikia tukio zima la baa, lifute. Wong Kar-wai katika In the Mood for Love ya 2000 aliwaacha mume na mke waliosaliti ndoa zao bila nyuso. Tunasikia sauti, tunaona mgongo, basi. Aliyeumiza akikosa uso, maumivu yanabaki kwa walioumizwa. Hapa kwetu ukoo una uzito mkubwa ndani ya chumba hata usipokuwepo. Simu ya mume itetemeke mezani karibu na kopo, jina la mdogo wake liwake, lizime, liwake tena, na hakuna anayeipokea. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, katika Augure ya 2023 anamrudisha mwanamume nyumbani Kongo na mchumba wake Mbelgiji, na kinachowabana wale wawili ni familia iliyowazunguka: wanapendana, lakini wako uani kwa watu. Wewe huna uani wala watu thelathini. Simu inatosha.

Kuna ukurasa wa nne, ambapo umeandika: “Anampiga kofi.” Hapa nakuomba kwa moyo wote usimame ufikiri. Sikatai kwamba hutokea. Sote tunajua hutokea, na mara nyingi mno. Nakataa tulirekodi kofi kwa namna ambayo chumba kitashangilia, na nimekaa kwenye maonyesho ambapo chumba kilishangilia. Kofi likionekana vizuri linakuwa tamasha. Kama hadithi yako kweli inalihitaji, kamera ibaki kwa Furaha upande wa pili wa rido. Tusikie, kisha tusikie kigoda kikianguka, na tuone mtoto anavyovuta blanketi juu ya kichwa chake. Baadaye usituonyeshe mama analia. Tuonyeshe anakiinua kigoda na kukirudisha mahali pake. Na wewe na waigizaji hawa wawili mkubaliane mbele ya kikundi chote kila mkono utafika wapi, mfanye kwa mwendo wa polepole, na mwanamke awe na haki ya kusimamisha kazi wakati wowote bila kuulizwa sababu. Ila skripti yako, kwa ninavyoisoma, haihitaji kofi. Papa Furaha ni mwoga, si katili. Aliogopa kumkatalia mdogo wake, akaogopa kumwambia mke wake. Mwandike mwoga, tutamjua sote.

Sasa swali lako la mwisho, wapatane au waachane. Usiku mmoja hautoshi kwa lolote kati ya hayo mawili, wala dakika 12. Pesa haijarudi na mtoto anakwenda shule asubuhi. Ninachojua ni kwamba alfajiri pikipiki lazima itoke. Rudisha kamera mahali pale pale, mara ya tatu, ndani ya nyumba, ikiutazama mlango. Nje kuna ule mwanga wa kijivu wa Goma kabla jua halijapanda. Papa Furaha ameshika usukani, anangoja, hageuki. Mama Furaha anatokea nyuma ya rido akiwa amejifunga kitenge, anachukua ubao, anaulaza juu ya kizingiti. Rido haliinui kwa bega. Hasukumi. Anarudi kwenye sinia lake, na mume anasukuma peke yake mpaka inapita.

Sauti ya ubao ukigusa kizingiti uirekodi peke yake, maiki ikiwa karibu kabisa, mara kumi mpaka upate ile nzito. Kisha uiweke kabla ya picha, juu ya giza.